Picha Iliyobaki Ruashi

Kioo nilikuwa nimekwisha kukata. Fremu ilikuwa mezani, tupu, na mama Hortense hakuondoa macho juu yake.

"Dorcelle, sura ya mama yangu iko wapi?"

"Mungoje kidogo, mama."

Picha ilikuwa mtaa wa Ruashi, ndani ya kompyuta kubwa ya patron, bosi wetu Papa Godefroid. Sisi huku dukani Makomeno tunafungua folda ya kule kwa antena, tunachukua picha, tunachapa. Leo folda ilikataa. Nyumba ya Ruashi imefungwa, mwenye funguo ameenda Kasenga. Na marehemu hakuacha picha nyingine. Gari la maiti lilikuwa linangoja morgue, kwenye chumba cha maiti, dereva ana maiti mwingine wa kubeba baadaye.

Fundi wetu Yannick alikuwa ameiwekea kompyuta yetu ya huku noyau mpya. Noyau ndiyo kokwa ya kompyuta, programu inayoendesha yote, alinieleza. Ile ya zamani haikujua imprimante yetu mpya, mashine ya kuchapa. Sasa alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anavuta nyaya.

"Naita Ruashi, inaitika," akasema. "Lakini folda, hapana. Papa Godefroid, serveri yako ya kule ilikufa."

"Ilikufa na inaitika? Basi iko muchawi," patron akajibu. Akamwona mama Hortense, akaomba radhi.

Simu ya mama ikalia. Mdogo wake alipiga kelele hata mimi nikasikia: "Yaya, padri alimaliza! Bantu banapanda mu gari!"

"Bangoje!"

Yannick alirudi kwenye skrini. Akasoma mstari mmoja, akausoma tena polepole, kidole juu yake.

"Haisemi kule ni kubaya. Inasema yenyewe, hii ya huku, haijui folda ya namna hii." Akageuka. "Papa, wakati noyau ilikuwa inajengwa na miye niko juu ya nyumba na antena, nilikuambia nini? Mashine ikiuliza mambo ya mafaili ya mbali, ujibu ndiyo."

"Shi nilijibu! Nilianza na O, ya oui. Ikakataa. Nikaweka N."

"N?"

"N ya ndiyo. Ikapokea yote, bila kelele."

Yannick akakaa sakafuni. "Papa, mashine inasema Kiingereza. N ni no, ni hapana."

"Lakini miye nilikuwa nasema Kiswahili!"

"Kuijenga noyau upya, itatupeleka mpaka jioni," Yannick akasema.

Mama Hortense akasimama, akaichukua fremu. "Basi nitaibeba hivi hivi."

Sikuiachia. Tukaishika sote wawili.

"Mama, ngoja," Yannick akasema. "Noyau ya zamani sikuifuta. Ile inajua folda, haijui imprimante. Nitawasha kwa ile, nivute picha, nizime, niwashe kwa mpya."

Akazima. Taa ya juu ikafifia, ikarudi. Folda ikafunguka. Picha ikavutwa. Akazima tena, akawasha, na imprimante ikaanza kukohoa. Kitambaa cha kichwa kikatoka kwanza, halafu paji la uso.

Simu ikalia. Sasa ni dereva mwenyewe: "Mama, miye naenda!"

"Usiende, papa. Mama yangu eko njiani."

"Mama gani? Shi niko naye humu ndani?"

"Uko naye, papa, lakini sura yake iko huku. Inatoka sasa. Imefika macho."

Karatasi ikateremka mpaka pua, mpaka mdomo. Halafu, ndani ya simu, tukasikia moteur ya gari inazimika.