Wanga na Mwenzake

Mtu akijua jambo moja vizuri, jamani, tafuteni pa kujificha. Mizani alijua wanga, na hakuna msiba wala harusi aliyowahi kukaa bila kuwaeleza watu habari za wanga.

Kazi yake ilikuwa getini kwenye kiwanda cha wanga, katika kibanda cha mabati chenye pipa la maji na mizani ya kuning'iniza, na ndiyo iliyompa hilo jina. Lori likiingia na mihogo, yeye huchukua kikapu kimoja, anakipima kikiwa kinaning'inia hewani, kisha anakizamisha pipani na kukipima tena humo humo majini. Mihogo iliyoshiba wanga hubaki na uzito hata ndani ya maji. Ile iliyojaa maji matupu huwa myepesi na kumtia mwenyewe aibu mbele za watu. Hapo Mizani hukohoa kidogo, kama hakimu, na kutoa hukumu: mitamu, au si mitamu.

Neno hilo pale getini halikuwa na uhusiano wowote na ulimi. Mihogo ya kiwanda ni ile michungu, ambayo mtu akiila bila kuiloweka siku kadhaa na kuianika juani inaweza kumtoa roho. Kiwandani haina neno, kwa sababu inasagwa, inaoshwa, inachujwa, na sumu inakwenda na maji machafu. Basi makuli, madereva, hata meneja, wakisema mitamu walikuwa na maana ya wanga tu. Walielewana vizuri, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja neno hilo lingetoka nje ya geti.

Mkewe Mizani alikuwa ametoka kwa watu wanaolima muhogo wa kumenya na kuchemsha, basi. Muhogo wa kuua mtu hakuwahi kuuona wala kusimuliwa. Walikuwa wamehamia karibu na kiwanda mwaka ule, wao na binti yao wa pekee, aliyekuja baada ya miaka ya kuhangaika na kusemwa na majirani. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunga maneno mawili. Mizani alimpenda mtoto yule mpaka watu wakamcheka, maana alikuwa akimbeba mgongoni kwenda kuchota maji na haoni haya.

Mwaka ule mvua ilikataa. Majani ya mihogo yalipukutika, mashamba yakabaki fimbo tupu zimesimama. Asubuhi moja kaka mkubwa wa Mizani alipita na baiskeli, akabwaga gunia mlangoni pa jikoni, jasho likimtiririka.

"Ndugu yangu, nipimie hii," alisema. "Wingu limeanza kuonekana kule. Ning'oe au niache?"

Usimuulize Mizani swali kama hilo kama una haraka. Alimkalisha kaka mtu kwenye kigoda na kuanza. Jani ndilo jiko, alimwambia. Jua likiwaka, jani linapika sukari, na sukari inashuka kwenye shina mpaka mzizini. Mwanzoni mzizi ni kamba tu, haupati kitu, kwa kuwa majani na shina vinakula vyote. Vikishashiba, ndipo mzizi unapoanza kuwekewa. Ile sukari ikifika chini inageuka punje za wanga, ndogo kuliko vumbi, zinashindiliana mle ndani mpaka mzizi unanenepa.

"Na ukame je?"

"Ukame umekusaidia. Majani yamekwisha, shina limelala, akiba imebaki chini. Lakini mvua ikinyesha tu, kaka, mti unaamka na njaa. Utaidai akiba yake yote ili uoteshe majani mapya. Ukichelewa, utang'oa maji."

Alilolisahau, na alikuwa akilijua, ni kwamba ile sumu nayo hutengenezwa kwenye jani, ikashuka kwa njia ileile, ikawekwa mzizini pamoja na wanga. Na mwaka wa ukame huwekwa nyingi zaidi. Hakulisema kwa sababu kiwandani halikuwa na kazi.

Kaka mtu aliondoka na baiskeli yake, akangoje simu ya vipimo. Mizani alijaza mihogo kwenye kikapu, akaliacha gunia palepale mlangoni, akaenda kazini akipiga mluzi.

Alipoipima hakuyaamini macho yake. Ilivuta ile mizani ndani ya maji kama mawe. Hakuwahi kukutana na wanga wa namna ile tangu apewe kibanda, na furaha ilimpanda kichwani hata akashindwa kungoja jioni. Akampigia mkewe simu.

"Mke wangu! Ile mihogo ya kaka, we acha tu. Mitamu! Mitamu ajabu!"

"Afadhali," mkewe alijibu, "maana humu ndani leo hamna kitu cha kupika."

Hilo la pili Mizani hakulisikia. Lori lilikuwa getini, dereva amelalia honi, naye alikuwa amekwisha kukata simu.

Mchana ukaja na joto zito, hata upepo ukatulia. Wingu lilikuwa limefunika upande mmoja wa mbingu, jeusi, halisogei. Mkata mihogo, mwenzake wa pale getini anayefungua magunia kwa panga, alifika amechelewa na uso umemwiva.

"Mbuzi wa jirani yangu wamekufa," alisema. "Wote. Wamekula maganda ya mihogo ya shamba la bonde kule. Hawakufika hata zizini, wameanguka njiani."

"Maganda tu?"

"Maganda tu, ndugu. Ya mwaka huu kali sana. Hata mikono inaniwasha."

Mizani alicheka. Aliwahi kusema baadaye kwamba hakujua kwa nini alicheka. Simu ilitetemeka mfukoni, akaitoa akiwa bado na meno nje, akasoma ujumbe wa mkewe: *Nimechemsha mihogo ya shemeji. Mtoto kala mpaka kalala. Yako nimekufunikia.*

Alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mkata alimwuliza kuna nini. Mizani, yeye bingwa wa maneno, alimwonyesha tu ile simu. Mkata alisoma, akalitupa panga chini, akakimbia kumtoa dereva wa lori chini ya mti alikokuwa amejilaza.

Njia ile Mizani aliipita kila siku na hakuwahi kuona ni ndefu. Lori lilikuwa tupu, linarukaruka na kupiga kelele, naye alikuwa ameshika ubao wa mbele kwa mikono miwili, anamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Tone la kwanza lilipiga kioo walipokuwa wanakata kona ya nyumbani. Watu walitoka barazani wakishangilia mvua.

Mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, ameshika kichwa.

"Kizunguzungu," alisema. "Nilionja kidogo tu, nikaona kauchungu, nikasema labda ni ukame. Nikamtilia mtoto sukari. Si ulisema..."

"Yuko wapi?"

"Amelala. Nimemwamsha hataki kuamka."

Mtoto alikuwa kitandani, mdomo wazi, matapishi kwenye shuka. Alikuwa anapumua kwa kuvuta, halafu ananyamaza, halafu anavuta tena. Mizani alimbeba hivyohivyo, shuka na yote. Mkata alimshika mke mkono, wakapanda lori.

Hospitali walimpokea wakikimbia. Daktari aliuliza amekula nini, Mizani akasema. Aliuliza imelowekwa siku ngapi, Mizani akasema hata moja. Wakatolewa nje, mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi, mvua inapiga mabati kiasi cha kutosikilizana. Simu ya Mizani iliita, kaka mkubwa, ikakatika, ikaita tena. Kule shambani mashina yalikuwa yanalowa na kuamka, yanaanza kuvuta akiba yao juu. Alijua anachoulizwa na jibu alikuwa nalo, neno moja tu, ng'oa, lakini aliizima simu. Kaka alikuja kung'oa maji, na hakumlaumu hata siku moja.

Mtoto alipona. Tuseme hivyo, maana ndivyo ilivyo: anatembea, anacheka, maneno mawili yamekuwa manne. Mkewe naye alipona, na hakumgombeza mumewe. Mizani alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa mke kurudi kwao. Hakuna kilichokuja. Alimweleza yote, kwamba lile ni neno la kazi tu, naye akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa.

Ila siku hizi chakula kikiiva, chochote kile, hata wali, anampakulia Mizani kwanza, peke yake. Mtoto anawekwa mbali, analia njaa, ananyoosha mikono. Mke anakaa mbele ya mumewe na kumtazama akitafuna, anamtazama akimeza, wala hapepesi macho. Mizani hula bila kuinua uso. Akimaliza wanangoja, wote wawili, mpaka mke aridhike kwamba mume bado ameketi vizuri. Ndipo anapomvuta binti yake karibu na kumlisha.