Maboga ya Mwaja

Mwaja alitoka Tanga na mbegu kumi na mbili za maboga ya mama yake, amezifunga kwenye pindo la kanga. Huku Nkwenda, bara mbali na pwani, alikomfuata mumewe Seif aliyefungua duka, zilizoota zilikuwa tatu tu. Sasa maboga machanga yalikuwa yakioza kitakoni, pale ua linaponyaukia, kabla hayajafikia ukubwa wa ngumi. Mama alikwisha kufa, na shamba lake limegeuzwa la mkonge. Haya yakiisha, mbegu nayo imekwisha.

Jirani yake Nyamwiza alichota udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mchachu! Hii ni rweya, shoga, ardhi ya kuota nyasi tupu. Tia majivu."

"Nimetia, dada. Majani yamependeza, lakini boga linaoza vilevile. Kwetu chini ni mawe ya chokaa. Hapa hakuna chokaa, ndiyo njaa yake."

Hakungoja kuulizwa zaidi. Aliingia ndani, akachukua chokaa ya tambuu ya mumewe, akaikoroga kwenye maji na kuyamwaga kuzunguka shina moja.

Jioni Seif akauliza, "Chokaa yangu iko wapi?"

"Imenywewa na maboga."

"Siku hizi maboga yanatafuna tambuu?"

"Yakipata meno yatakushinda wewe."

Mashina mawili yalibaki bila chokaa. Mwaja aliokota magamba ya konokono migombani kwa Nyamwiza, kikapu kizima.

"Konokono nyumbani kwangu? Astaghfirullah!" Seif alimaka.

"Tunachoma magamba, bwana. Hatuli."

Aliyachoma kutwa nzima kwa kuni kavu mpaka yakawa meupe. Alipoyamwagia maji yalichemka yenyewe, na Nyamwiza akaruka nyuma akicheka. Siku tatu Mwaja aliiacha chokaa ipoe. Kisha akaichanganya na udongo, shubiri moja kutoka shinani, akatandaza majani ya migomba, akawa anamwagilia kila jioni kwa kipimo kilekile. Yaliyooza aliyachuma yote.

Matunda ya maua mapya yalipita ngumi, yakapita kichwa cha mtoto. Nyamwiza alipindua moja, akaligonga kitako kwa kidole. Gumu.

"Haya, lipike tule!"

"Mengine tutakula. Hili ni la mbegu."

Lilipokomaa alilipasua, akaosha mbegu, akazianika. Zilipokauka alizigawa mafungu mawili, moja akampelekea Nyamwiza.

"Panda kwako. Zikifa kwangu, nitazikuta kwako."