Nafasi Chini ya Kidevu cha Mkurugenzi

Chama chetu cha wachoraji kilikubaliana na umoja wa makampuni kwamba wachoraji kumi na wawili tuwachore viongozi wa biashara kumi na wawili. Sharti lilikuwa moja: kiongozi asiporidhika na picha yake, haitundikwi kwenye maonyesho. Wenzangu walisomea sanaa chuoni. Mimi nimechora mabango ya maduka na ya vinyozi miaka arobaini, na masomo yangu yote niliyapata jioni, baada ya kazi. Nilitaka sana picha yangu iwe ukutani pamoja na zao.

Nilipangiwa mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, mama wa makamo asiyetulia kitini. Alinipa saa moja kila Jumanne ofisini kwake.

"Mzee, hiki kidevu cha pili nifichie."

"Sifichi, mama. Nakiheshimu."

Jumanne ya nne alisimama nyuma yangu kutazama.

"Uso ni wangu kabisa," alisema. "Lakini mbona umenipandisha juu hivi? Huku chini pote peupe."

Nikatazama. Kwenye bango, kichwa hukaa juu na theluthi ya chini huachwa wazi kwa maandishi. Mkono wangu ulikuwa umefanya ulichozoea, bila kuniuliza.

Ningeweza kumwambia kwamba ndio mtindo wa siku hizi. Nikamwambia ukweli.

"Kwa hiyo hapa ungeandika 'Sabuni, jumla na rejareja'?"

"Na namba ya simu."

Alicheka mpaka katibu wake akachungulia mlangoni. Kisha akafuta machozi. "Lakini hivi haitundikwi, mzee wangu."

Zilibaki siku tisa kabla ya maonyesho. Kuanza upya hakukuwezekana.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anachambua mchele, nikamweleza.

"Chini ya kidevu mtu ana nini?" akauliza.

"Kifua. Mikono."

"Basi mpe mikono yake. Unahangaika nini?"

Nilikasirika kidogo, kwa sababu alisema kweli na hakuacha hata kuchambua.

Jumanne iliyofuata nilimwomba mkurugenzi aweke mikono mezani. Akasita. Ilikuwa na mabaka ya kuungua, ya tangu enzi za kukoroga sabuni kwenye pipa uani kwake.

"Hii huwa siionyeshi."

"Sabuni ya kwanza ilikorogwa na mikono ya nani?"

"Mzee, una maneno wewe." Akakunja mikono ya koti, akaweka mikono yake mezani. Siku hiyo alitulia kitini saa nzima.

Picha ilipokauka aliitazama kwa muda mrefu, akaomba kalamu, akasaini fomu ya kuridhika.

Siku ya maonyesho mke wangu alisimama mbele ya picha na mkoba wake kwapani.

"Mikono imekaa. Masikio umeyakuza."

"Ndivyo yalivyo."

Akageuka kumtazama mkurugenzi, aliyekuwa anasalimiana na wageni, kisha akarudi kwenye picha.

"Kweli," akasema, na tukaenda kutafuta viti.