Alcide Alipofunga Virago

Kadi ya bima ya afya ilipofika kwa posta, mimi ndiye niliyeitumia kwanza, na sioni haya. Mume wangu Alcide ndiye aliyekaa gerezani nusu ya umri wake kwa mauaji asiyoyafanya, lakini serikali ya jimbo ilipokiri kosa lake, ilisema bima ni yake na ya mkewe pia. Mke ni nani? Si ni mimi! Wiki hiyohiyo nilipimwa macho, meno, presha, hata magoti. Hapa mjini kwetu Port Arthur watu wanazeeka na maumivu yao, sasa mimi nipate daktari nimwachie nani?

Alcide alikataa katakata kwenda hospitali. Alikuwa na ngiri iliyotokeza tumboni kama limau, na gerezani miaka yote walimpa vidonge vya maumivu tu. Akikohoa, anaishika kwa mkono. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamnyima hata gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia wa Jumapili. Wapi! Mwisho mama yake, Mama Eula, tunayeishi naye, akamwambia mbele ya wageni, "Mwanangu, nataka wewe unizike, si mimi nikuzike. Nenda ukakatwe hicho kitu." Akakubali kwa aibu.

Asubuhi ya upasuaji niliingia chumbani kumwambia gari liko tayari. Droo tupu. Kabati tupu. Mashati, viatu vya kanisani, redio, picha yetu ya harusi, hata kipande cha sabuni, vyote amevifunga ndani ya shuka, fundo kubwa limekaa juu ya godoro lisilo na kitu. Yeye kasimama pembeni, kavaa koti.

"Alaa! Unakwenda wapi na picha yangu ya harusi?"

"Hospitali."

"Hospitali gani inataka viatu vya kanisani? Sema tu umenichoka, Alcide! Nilikubali kuolewa na wewe huna hata soksi, leo unanifungia virago?"

"Verlie, punguza sauti, mama atasikia."

"Na asikie!"

"Nimeshasikia tangu jikoni," akasema Mama Eula, yuko mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

Alcide alitutazama kama vile sisi ndio tuliorukwa na akili. "Si ndivyo ilivyo? Ukipelekwa hospitali unabeba kila kitu. Ukiacha, hukikuti. Kitanda anapewa mwingine siku ileile, ukirudi unatupwa jengo lingine, na watu usiowajua." Akaangalia godoro. "Shuka nimeitoa ili atakayekuja atandike yake."

Nilikaa chini palepale; hizo zilikuwa sheria za gerezani. Hasira yote kwisha. Nililia, kisha kicheko kikanishika katikati ya kilio. "Atakayekuja! Umeshanitafutia mtu wa kulala na mimi, Alcide?"

"Kama ni kijana na ana pensheni, mwacheni aje," akasema Mama Eula, kahawa inamwagika.

"Msinichekeshe, inauma!" Alcide akajishika ngiri, na yeye anacheka mpaka machozi.

Lakini fundo hakulifungua. Mkono wake ulibaki juu yake, na kicheko kikatuishia sote. Nikajua tatizo si upasuaji. Mume wangu alikuwa anaishi nyumbani mwake kama mtu anayengoja kuhamishwa, na mimi nilikuwa nalala naye kila usiku bila kujua.

"Sikulazimishi," nikamwambia. "Ukitaka kubeba, beba, mimi nitashika upande mmoja, watu watushangae. Ila chumba hiki ni chako, mke ni wako, na humu hamna askari. Hakuna wa kukuhamisha."

Alcide akalifungua fundo. Viatu akavirudisha mwenyewe uvunguni, picha msumarini, sabuni bafuni. Shuka akaitandika, akanyoosha pembe zote, na Mama Eula akapangusa kahawa yake iliyomwagika. Tukatoka. Garini hakujua mikono yake mitupu aiweke wapi, nikaushika mmoja.

Hospitali muuguzi msichana alitujia na mfuko wa plastiki mkononi. "Mzee wangu, una vitu vyako nikutunzie?"

"Ninavyo tele," akasema Alcide, kwa sauti iliyowageuza watu wote kwenye foleni. "Viko nyumbani."