Nusu ya Paji la Uso

Ilaisaane alikuwa dada mkubwa wa baba yake Telesia, na huko Tonga neno la shangazi halina rufaa. Hata baba mwenyewe huketi chini dada yake anaposema. Kwa hiyo Ilaisaane alipotamka kwamba Telesia atacheza kwenye arusi ya kaka yake akiwa amepakwa mafuta kuanzia utosini hadi vidoleni, lilikuwa limekwisha hilo.

"Mchezaji asiyeng'aa watu humsema," alieleza huku akichuja mafuta ya nazi yaliyolowekwa maua ya heilala. "Watasema ana la kuficha."

Tatizo lilikuwa chunusi. Zilimjaa Telesia kwenye paji la uso hata binamu zake wakawa wanamwita Nanasi. Shangazi alijua tiba moja tu, nayo ni kuongeza mafuta.

Telesia alikuwa msichana wa kutazama mambo. Asubuhi tatu mfululizo alisimama mbele ya kioo, akachora mwili wake nyuma ya daftari na kutia nukta kila palipokuwa na chunusi. Paji la uso, nukta kumi na tisa. Mgongo, tisa. Mikono, hakuna hata moja, na mikono ndiyo iliyokuwa ikinywa mafuta kuliko mahali pengine popote. Hilo lilimkosesha raha. Akalibeba daftari hadi zahanati.

Nesi Losaline aliitazama ile picha. "Huyu ni wewe au ni mjusi?"

"Ni mimi. Mbona mikono haina?"

"Chini ya ngozi kuna visima vidogo vya mafuta," alisema nesi. "Usoni na mgongoni vimejaa, mikononi vichache. Mtu akifika umri wako homoni huvifurisha. Ngozi iliyokufa inaziba mlango, vijidudu vinanenepa humo ndani, panavimba. Ukimwagia na mafuta ya nazi juu yake, umefunga mlango ukaegemeza jiwe."

"Kwa hiyo si uchafu?"

"Ingekuwa uchafu, wakulima wa mihogo wangeota chunusi magotini."

Alimpa krimu. Apake kiasi cha punje ya mbaazi kila jioni, asitumbue, na mafuta yakae mbali na uso. Nafuu yenyewe ingechukua wiki sita hadi nane; ikigoma, daktari ana krimu nyingine na vidonge.

"Arusi ni baada ya wiki nne," Telesia alisema.

"Basi nazo zitahudhuria. Lakini zitakuwa chache."

Asubuhi ya nne ya kutumia krimu Shangazi aliingia ameshika foronya nyekundu iliyotoka mabaka meupe. "Dawa inayokula foronya itauacha uso?"

"Nesi alinionya, Shangazi. Inachubua rangi ya nguo."

"Nesi hakumzaa mtu humu ndani. Sogea nikupake."

Kumkatalia shangazi hakuwezekani. Kumwuliza, labda. Telesia akauliza: "Tungejaribu? Krimu nipake uso mzima. Mafuta yako unipake kushoto tu, kulia tuache."

"Unataka kuyashindanisha mafuta yangu?"

"Nataka kujua tu."

Shangazi alicheka. Mafuta yake hayakuwahi kushindwa na kitu. Akapaka kushoto, kwa wingi.

Kila Jumamosi walihesabu. Ya kwanza pande zote zilikuwa sawa, tena ngozi imekauka na kubanduka, na Shangazi akapiga mluzi kutwa nzima. Ya tatu, kulia zilikuwa tano, kushoto kumi na moja. Shangazi alivaa miwani, akahesabu upya kwa ncha ya kidole. Akahesabu tena. Siku hiyo hakupiga mluzi.

Siku ya arusi alimpaka Telesia miguu, mikono na mabega mpaka yakawa kama kioo. Alipofika shingoni akasimama. Telesia alifumba macho, akangoja. Alisikia harufu ya heilala ikikaribia shavu, ikatulia hapo, kisha ikaondoka.

"Fumbua macho," Shangazi alisema, akijipaka mafuta yaliyobaki viganjani kwenye nywele zake mwenyewe. "Na kesho ulilete hilo daftari. Mgongo hatujauhesabu."

Ngoma ilipoanza, mwanamke mmoja alimwinamia Shangazi. "Ilaisaane, mbona uso wa mtoto haung'ai?"

"Uso huo uko kazini," Shangazi alijibu. "Wewe tazama mikono."