Uwanja Usio na Safu ya Pili

Kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa nje kidogo ya Malili kilifungwa zamani sana, wakati ambapo hata bundi wanaoishi humo leo walikuwa bado hawajaoana. Kila mwaka wa kura walikuja watu wakaahidi kukifufua. Wa kwanza alikata utepe, wa pili akakata kipande cha utepe kilichobaki. Mibono ikaota penye mashine, na mabati yakang'oka moja moja kila upepo ulipovuma. Wako watu wenye akili timamu wanaoapa kwamba waliyaona yakipita juu ya Makindu, yakielekea Mombasa bila nauli.

Aliyefaidika na gofu hilo ni Nzisa peke yake. Mchana alishona sare za shule, jioni alikuwa kocha wa voliboli. Wasichana wake, Pamba Queens, walifanyia mazoezi katika ghala kuu lisilo na paa, juu ya udongo. Upepo haukusajiliwa kwenye timu lakini ulicheza kila mechi. Mpira mmoja ulipigwa Jumamosi ukarudishwa Jumatatu na dereva wa lori, akilalamika kwamba ulimpita kwenye mlima wa Salama na haukuwasha hata taa.

Sasa wakubwa wa ligi walikuwa wamesema waziwazi: msimu ujao, timu isiyo na uwanja wa nyumbani wenye sakafu na paa itaondolewa. Kwa hiyo Nzisa aliposikia kwamba gofu litageuzwa uwanja wa michezo mingi, aliacha suruali ya mtu ina mguu mmoja akakimbilia mkutano.

Msanifu alikuwa Fahima, binti wa muuza vitambaa wa Kitui mjini. Alitandaza ramani mezani na ukumbi mzima ukasogea kutazama. Kuta za kiwanda zingebaki. Matofali yaliyoanguka yangejenga ngazi za watazamaji. Paa lingeteremsha maji ya mvua hadi kwenye matangi chini ya ardhi, na juu yake sola za kuwasha taa. Uwanja wa kandanda, njia ya mbio, shimo la mchanga la kuruka, na ndani ya ghala kuu, mstatili mdogo wa buluu. Nzisa hakuona kingine chochote. Aliutazama ule mstatili wa voliboli kama mama anavyomtazama mtoto wake kwenye picha ya darasa.

Mzee Kitonga, mwenyekiti wa kamati, alivua miwani.

"Binti yangu, kazi ni nzuri. Mungu akubariki. Sasa wageni wataketi wapi?"

"Watazamaji wataketi kwenye hizi ngazi, mzee."

"Sijauliza watazamaji. Nimeuliza wageni."

"Aa, jukwaa ni hili hapa. Lina safu mbili."

Watu walikohoa. Fahima alikuwa amesoma miaka mingi, akajifunza upepo, jua na uzito wa zege, lakini hakuna aliyemfundisha kwamba huku kwetu hakuna safu ya pili. Anayeketi safu ya pili hakufika. Jina lake halisomwi, hapewi maji ya chupa, na kamera inampita kama nguzo ya stima. Kuna diwani mmoja wa upande wa Kilungu aliyewahi kuketi safu ya pili kwenye mazishi. Alipofika nyumbani alikuta majirani wameshaweka hema na wanamchangia jeneza.

"Safu iwe moja," alisema Kitonga kwa upole wa mtu ambaye hajawahi kukataliwa. "Ndefu kidogo."

Ikawa ndefu kidogo. Kwenye mkutano wa pili Mchungaji Ndolo alikumbusha kwamba makanisa ni mengi na kila moja lina askofu, na mengine yana maaskofu wawili walionuniana, hivyo hawawezi kukaribiana. Shimo la kuruka likaondoka. Mzee Sufian wa msikitini, ambaye alikuwa amekuja kuuliza tu kama patakuwa na maji ya kutawadha, aliambiwa haiwezekani Waislamu wakose viti, wakaongezwa viti. Njia ya mbio ikaondoka. Vyama vya akiba, kamati ya kisima, kamati ya kusimamia kamati ya kisima, wote walitambuliwa. Uwanja wa kandanda ukapungua mpaka ukawatosha watoto wa chekechea, wasio na pupa, na mwishowe ukafutwa kabisa.

Mkutano wa tatu, safu ilifika kwenye kona, ikapinda, ikaingia ghala kuu. Mstatili wa buluu ukakatwa nusu.

"Mzee Kitonga," Nzisa alisimama, "hapo ndipo wasichana wangu wanapochezea!"

"Kocha, tulia. Nani amekataa michezo? Huu ni uwanja wa michezo."

"Michezo itachezewa wapi?"

"Michezo ni roho," alisema Kitonga, akaomba kikao kifungwe kwa maombi.

Nzisa alimkuta Fahima nje, ameketi juu ya rundo la matofali, ramani magotini.

"Dada Nzisa, usinitazame hivyo. Nilitaka kuchora uwanja ambao hata nikizeeka nitawaleta wajukuu. Sasa nimechora foleni ya viti."

"Wasichana wangu wakitolewa kwenye ligi hawana pengine pa kwenda. Wewe utapata ramani nyingine."

"Najua! Lakini nifanye nini? Kila mtu anataka mbele."

Nzisa alichuchumaa. Alichora mavumbini kwa kijiti, kwa namna ya fundi nguo anayetafuta jinsi ya kutoa gauni kwenye kitambaa kisichotosha.

"Hii safu yako ikipinda, ipindishe tena. Na tena. Irudi ilikoanzia."

"Izunguke ghala lote?"

"Lote. Wote watakuwa mbele. Katikati patabaki nini?"

Fahima alichukua rula yake. Alipima, akafuta, akapima tena. Kandanda haikuingia. Mpira wa kikapu ulikataa kwa mikono miwili. Kisha akainua macho, na tangu aje Malili hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka.

"Voliboli tu."

"Shh," alisema Nzisa. "Usiwaambie. Wao waambie habari za viti."

Mkutano wa nne ulihudhuriwa na Mheshimiwa wa wadi mwenyewe, aliyefika amechelewa kwa heshima zote. Fahima alieleza kwamba uwanja huu ndio utakaokuwa wa kwanza kokote usio na nyuma. Kitonga alipiga makofi mpaka saa ikamtoka mkononi. Askofu alimkumbatia askofu mwenzake, kisha wakakumbuka wakaachana.

"Ngoja," alisema Mheshimiwa. "Watakaoketi upande huu watapigwa na jua la jioni usoni. Ni akina nani hao?"

Kila mmoja alijitazama kwa huruma.

"Ndiyo sababu, Mheshimiwa," alisema Fahima, "lazima paa lifunike pote. Tukiacha katikati wazi, jua litawaingilia."

"Lifunike! Mvua nayo ikinyesha?"

"Itaingia kwenye matangi."

"Vizuri sana. Na sakafu iwe ngumu, tusije tukakalia kiti kikazama."

Nzisa aliuma midomo. Paa lilikuwa limepita, sakafu ilikuwa imepita. Alikuwa anaanza kumshukuru Mungu Mheshimiwa alipoinua kidole tena.

"Na hapa katikati tujenge mimbari. Ya zege. Isiyohama. Mtu akihutubia aonekane na wote."

Fahima alimtazama Nzisa. Mimbari ya zege katikati, na voliboli ingekuwa imekufa chini ya paa zuri kuliko yote Ukambani.

Nzisa alisimama polepole, mikono ameikunja mbele kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mheshimiwa, wazo ni zuri. Naomba tu kuuliza. Ukisimama hapo katikati, utawapa mgongo akina nani?"

"Vipi?"

"Viti viko pande zote. Ukiwatazama watu wa makanisa, mgongo ni wa wazee wa msikiti. Ukiwageukia hao, unawapa mgongo wazee wa ukoo."

"Mimi siwezi kupewa mgongo," alisema Mchungaji Ndolo papo hapo. "Nimepewa kiti cha mbele, si cha mgongoni."

"Na sisi je?" mtu wa kamati ya kisima alifoka.

"Nitakuwa nikizunguka," alisema Mheshimiwa.

"Uzunguke kama jiwe la kusagia?" alisema Kitonga. "Heshima yako, bwana!"

Walibishana hadi chai ikapoa. Ilionekana wazi kwamba hakuna binadamu wa Makueni, aliyechaguliwa au aliyejichagua, anayeweza kusimama katikati ya uwanja ule bila kumtukana mwenzake. Mheshimiwa alijifuta jasho.

"Basi pawekwe kitu kisicho na mgongo."

"Wavu," alisema Nzisa.

"Wavu?"

"Hauna mbele wala nyuma, Mheshimiwa. Ukiutazama huku ni ule ule, ukiutazama kule ni ule ule. Hauwezi kumkosea mtu adabu."

Mheshimiwa alifikiri. Akamtazama Kitonga, Kitonga akamtazama askofu wa kwanza, na wa pili akatazama dirishani. Ramani ikaletwa, kalamu ikaletwa. Fahima alikuwa tayari anachora mstatili wa buluu, mzima.

Mheshimiwa alitia sahihi, kisha kalamu ikasita hewani. Alipima kwa macho umbali kati ya wavu na kiti chake.

"Kocha, hawa wasichana wako wanapiga mpira kwa nguvu?"

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Nzisa. "Wanapiga kwa adabu."