Sura Chini ya Kiatu

"Huyu mwenye mabawa ni Ushindi," Romanus alisema, akigonga picha kwa kidole. "Ananivisha taji. Na huyu ninayemkanyaga, mwenye nyoka kichwani, ni Wivu. Wafalme wa Ulaya ya zamani walichongewa medali za namna hii. Machimbo yangu yanatimiza miaka ishirini, na mimi nataka yangu."

Nosim aliitazama picha. "Sawa, bosi. Uso wa Wivu uweje?"

"Vyovyote. Uwe mbaya tu."

Romanus hakumjua mchongaji wake. Angemjuaje? Kaka yake Nosim, Loishiye, alipofukiwa na kifusi kwenye machimbo hayo kule Kisongo, Romanus hakuja kuzika. Alituma watu waseme marehemu alikuwa amelewa. Loishiye, mwanakwaya ambaye hakuwahi kuonja hata mbege!

Nosim aliichonga kalibu ya chuma, ya kufyatulia medali, peke yake, katika karakana yake ndogo mjini. Pua ya Romanus aliipamba. Taji akalinyoosha. Kisha akashuka chini ya kiatu. Nyoka hakuwachonga. Alichonga paji pana, macho yaliyofumba, na kovu lililokata unyusi wa kushoto. Kila patasi ilipouma chuma alihisi utamu mdomoni, akautafuna taratibu. Kulia alikwisha kulia.

Alipokabidhiwa medali, Romanus alijitazama mwenyewe tu. "Umenipatia kabisa!"

Siku ya sherehe, chini ya maturubai kule Kisongo, wachimbaji na familia zao walivishwa nakala za medali hiyo. Minong'ono ilianzia meza ya nyuma. Mchimbaji mmoja akasimama.

"Jamani, huyu si Loishiye?"

Mama yao Nosim na Loishiye aliisogeza medali karibu na macho, akapitisha kidole juu ya ule unyusi.

"Mwanangu," alisema. "Amemkanyaga mwanangu."

Romanus akamgeukia Nosim. "Umefanya nini wewe?"

"Uliagiza mtu unayemkanyaga, bosi. Nimemchonga."

"Nilisema Wivu!"

"Huyo simjui. Huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Haya, waambie tena kwamba alikuwa amelewa."

Romanus akawatazama wachimbaji. Akanyoosha mkono aichukue medali ya mama. Mama akaifumbata.

Nosim alikuwa ameingoja saa hii kwa njaa. Sasa aliona tu vile vidole vya kizee vikiibana medali ya shaba, asijue avishike au aviache.

Upepo ukapita, ukainua vumbi jekundu. Likaanza kutua juu ya masinia ya pilau, wala hakuna aliyeinuka kuyafunika.